Unapenda majengo ya kuvutia na unataka kusoma uzamili wa mipangomiji? Tujadili kabla hujatuma maombi

Mpangamiji wa Wilayani (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu kwa sababu ujumbe ninaotumiwa na vijana waliomaliza shahada ya kwanza, wengine wa usanifu majengo, wengine wa jiografia, uhandisi au uchumi, umekuwa ukifanana mno. Kijana anatuma picha ya jengo lililomteka, mara nyingi Jumba la Makumbusho la Guggenheim la Bilbao kule Hispania, majengo ya Bunge la Brazil kule Brasília, au Burj Khalifa ya Dubai yenye mita 828, kisha anasema kwamba kwa kuwa anayapenda majengo ya namna hiyo anataka kusoma shahada ya uzamili ya mipangomiji, na anaomba aelekezwe chuo. Mapenzi hayo siyabezi hata kidogo, kwa kuwa wengi wetu tuliingia katika fani hii kupitia mlango huohuo wa macho. Ninachotaka tukijadili ni kwamba mlango huo humfikisha mtu ukumbini tu, na asipojua mapema kilichomo vyumbani anaweza kutumia miaka miwili na ada nzito kusomea jambo ambalo hakulitaka.

Nianze na Bilbao, kwa sababu ndiyo picha ninayotumiwa zaidi. Jengo hilo, lililosanifiwa na Frank Gehry, lilifunguliwa mwaka 1997, na tangu hapo mameya wa miji mingi duniani wamekuwa wakiamini kwamba ukijenga kitu cha ajabu kando ya mto, mji uliochoka utaamka. Wanachokiruka ni kilichotangulia. Kazi ya kusafisha mto ule, uliokuwa umejaa taka za viwanda, ilianza miaka ya 1980. Mwaka 1992 ikaundwa kampuni ya umma, Bilbao Ría 2000, iliyokutanisha ngazi mbalimbali za serikali ili kuendeleza ardhi iliyoachwa na viwanda, bandari na reli, na mapato ya ardhi hiyo yakarudishwa katika miundombinu. Reli ya chini ya ardhi, yenye vituo vilivyosanifiwa na Norman Foster, ilianza kazi mwaka 1995, miaka miwili kabla ya jumba la makumbusho kufunguliwa, nayo shughuli za bandari zikawa zinasogezwa kuelekea baharini. Anayeona vyuma vya titaniamu vinavyong'aa anaona kazi ya msanifu. Kazi ya wapangamiji ni ile ardhi iliyokuwa tayari, yenye mmiliki mmoja anayeweza kuamua, pamoja na maji yasiyonuka mbele yake.

Brasília ni somo gumu zaidi. Lúcio Costa alishinda shindano la mpango wa mji ule mwaka 1957, Oscar Niemeyer akasanifu majengo yake makuu, na mji ukazinduliwa tarehe 21 Aprili 1960. Mwaka 1987 ukaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Hapa mpango na majengo vilitembea pamoja, na bado maelfu ya vibarua waliolijenga jiji hawakuwa na mahali ndani ya mchoro. Mji wa pembeni wa Taguatinga ulianzishwa mwaka 1958, yaani kabla jiji lenyewe halijazinduliwa, ili kuwaweka watu hao, na mwaka 1971 wakazi wa makazi yasiyo rasmi wakahamishiwa Ceilândia, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati. Eneo la mpango wa Costa lilikusudiwa watu wapatao 500,000. Leo wilaya nzima ya shirikisho ina karibu watu milioni 3, na wengi wao wanaishi nje ya ule mchoro mashuhuri. Ukiniuliza, mtu anayeisoma Brasília bila kuisoma Ceilândia amesoma nusu ya kitabu, tena nusu iliyo rahisi.

Kwa hiyo kipimo ninachompa kila anayeniuliza ni hiki. Lichukue jengo unalolipenda, lipe mgongo, kisha ujiulize maswali: ardhi hii ilikuwa ya nani kabla, nani alilipwa fidia na nani hakulipwa, maji ya mvua yanakwenda wapi, mfanyakazi wa usafi anafikaje hapa saa kumi na mbili asubuhi, na kiwanja cha jirani kimebadilishwa matumizi kwa kibali cha nani. Maswali hayo yakikuchangamsha kuliko umbo la jengo, omba mipangomiji bila kusita. Yakikuchosha, nenda kwenye usanifu majengo au usanifu wa miji, ambako mapenzi yako ya umbo ndiyo mtaji. Nimewaona watu wenye vipaji vikubwa vya kuchora wakinyauka katika darasa la sheria za ardhi, na hakuna aliyewalazimisha kukaa pale.

Nitakuja na habari za vyuo baadaye. Kwanza nataka kusikia maoni ya wadau.

Msanifu wa Upanga

Mkuu, nimesoma kwa makini, na kwa heshima zote naona umetupunja wasanifu. Unaeleza kana kwamba sisi tunachonga sanamu, halafu nyinyi mnakuja kufikiria watu. Naomba utoke Bilbao uje Kariakoo.

Soko kuu la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 ni kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu Waafrika wa mwanzo kabisa katika ukanda wetu. Simama chini ya paa lake utazame juu. Nguzo za zege zinapanda kisha zinapanuka kama miamvuli iliyogeuzwa, mwavuli mmoja ukipokezana na mwingine, na kati yake mwanga na hewa vinapita bila feni wala taa za mchana. Mvua inayoangukia paa inashuka kupitia miamvuli hiyohiyo. Chini ya ardhi kuna Shimoni, sehemu ya biashara ya jumla, ili magunia na matenga yasigombanie njia na mama anayenunua fungu la nyanya. Msanifu yule alifikiria namna soko la Kiafrika linavyokaa chini ya vivuli, akafikiria joto la Dar es Salaam, akafikiria mchukuzi na mkokoteni wake. Sasa niambie, hiyo si mipango?

Nami nageuza swali. Soko lile halikuharibiwa na usanifu wake. Lilizingirwa. Mitaa ya nyumba za Kiswahili za vyumba sita ikageuka mitaa ya maghorofa katika viwanja vilevile, na hiyo michoro ya viwanja haikutoka kwenye meza zetu.

Mpangamiji wa Wilayani (mleta uzi)

Msanifu wa Upanga, umepiga pale panapostahili, na kuhusu Soko la Kariakoo sina la kubishana nawe. Lile ni jengo la kisasa lenye akili kuliko mengi ya vioo yaliyokuja baada yake, ambayo yanahitaji viyoyozi tangu asubuhi hadi usiku katika mji wenye upepo wa bahari.

Lakini tazama ulichokisema mwishoni, kwamba maghorofa yamesimama katika viwanja vilevile. Kiwanja kile kilikatwa kwa ajili ya nyumba ya chini yenye ua nyuma. Ukikipandishia ghorofa kumi bila kukiunganisha na cha jirani, unabaki na mtaa uleule, bomba la maji taka lilelile, na hakuna mahali pa gari la kushusha mzigo wala la zimamoto kugeuzia. Soko lilipoungua Julai 2021, na ghorofa la maduka lilipoanguka Novemba 2024 na kuua watu wengi, sababu za moto na za kuanguka ni za wataalamu wa mambo hayo, na sitaki kuingilia. Swali la fani yangu ni jingine: kwa nini watu wengi namna ile wamewekwa mahali ambapo waokoaji wanapata taabu kufika? Jibu lake limo katika ukubwa wa viwanja, upana wa barabara na uwiano wa sakafu na kiwanja (yaani jumla ya sakafu zote za jengo ikilinganishwa na ukubwa wa kiwanja), mambo ambayo hakuna mtu anayeyapiga picha.

Kwa hiyo naafiki kwamba msanifu mzuri hupanga. Ninachokataa ni kijana kudhani kwamba shahada ya mipangomiji itamfanya awe Amuli.

Mkazi wa Ng'ambo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naona Bara mnavutana kwa masoko. Niwaletee Michenzani, katika Ng'ambo, yaani upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar ilipata msaada wa Ujerumani Mashariki, na mpango wa mji wa mwaka 1968 ndio uliotupa barabara mbili pana zinazokutana Michenzani, na majumba marefu ya zege yaliyopangwa kando yake, ambayo watu wameyaita treni kwa urefu wake. Yalijengwa kwa nia njema, na kwa wakati ule yalikuwa kitu cha kustaajabisha. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya udongo na makuti akapewa maji ya bomba na umeme ghorofani. Lakini ili yajengwe, nyumba nyingi za Ng'ambo zilivunjwa, na vichochoro vilivyokuwa vikiwakutanisha watu vikafa pamoja nazo.

Wageni na wanafunzi wanakuja, wanasimama kwenye mzunguko, wanapiga picha ya zile treni, wanaondoka. Ningewaomba wazunguke nyuma. Huko wataona namna wakazi walivyolitengeneza upya jengo lisilowafikiria. Utaona mabaraza yaliyojengwa chini kwenye milango ya ngazi, maduka yaliyotoboka katika vyumba vya chini, bustani ndogo zilizozungushiwa matairi, na matangi ya maji yaliyobebwa juu kwa kuwa maji hayapandi kila siku. Barazani ndipo pana kahawa, bao na siasa. Wajerumani hawakulichora baraza, ila limerudi lenyewe.

Kwa anayetaka kusoma, hili ni darasa. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na kila mtafiti anakimbilia huko. Ng'ambo, ambako wengi wetu tunaishi, haikutazamwa sana na wasomi mpaka ulipokuja mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ambapo idara ya mipango miji ya Zanzibar ilishirikiana na jiji la Amsterdam na wataalamu wengine, wakaorodhesha majumba ya sinema, mabaraza, misikiti na viwanja vya mpira kama urithi wa mji. Mie naona hapo ndipo upendo wa majengo na mipangomiji vinapoweza kukaa nyumba moja bila kugombana.

Mwana wa Eastlands

Nimefurahia mjadala, na mimi niulete wa Nairobi, kwa sababu sisi tuna mfano ambao hauhitaji kueleza sana.

Mnamo 1973 Nairobi ilipata vitu viwili. Cha kwanza ni jumba la mikutano ya kimataifa la Kenyatta, KICC, mnara wenye mita 105 uliosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway akiwa na David Mutiso, pamoja na ukumbi wake wenye umbo la pia mbele ya mnara, na ukafunguliwa kwa wakati ili kupokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Cha pili ni mkakati wa ukuaji wa jiji, uliokusudiwa kuliongoza hadi mwaka 2000. Cha kwanza kila Mkenya anakijua. Kimo katika kadi za posta, noti na vitabu vya shule. Cha pili nikimuuliza jirani yangu atanishangaa. Mkakati ule ulipoisha muda wake hatukuwa na mwingine uliokamilika mpaka ule wa 2014, na miaka hiyo yote jiji lilikuwa likikua kila upande, mtaa wa Kilimani ukigeuka maghorofa juu ya mabomba yaliyolazwa kwa ajili ya nyumba zenye bustani.

Silichukii KICC. Ni jengo ninaloliona zuri mpaka leo, na rangi yake ya udongo haijachoka. Nasema tu kwamba mwaka ule jiji lilipata mnara na mpango, na tukautunza mnara.

Kuhusu masomo, Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha mipango ya miji na maeneo katika ngazi ya uzamili tangu miaka ya 1970, na kwa muda mrefu wapangamiji wengi wa ukanda huu walipitia hapo. Tangu ugatuzi ulipoanza 2013, kila kaunti kati ya zile 47 inatakiwa kuwa na mipango yake, na sheria ya 2019 ya upangaji wa matumizi ya ardhi imeongeza majukumu hayo. Nafasi za ajira hazijafurika, lakini kazi yenyewe ipo, na ipo zaidi Kisii, Garissa na Lodwar kuliko Nairobi.

Muhitimu wa Jiografia

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ndiye mmoja wa hao wanaotuma picha, ila yangu haikuwa ya Bilbao. Nimesoma jiografia na mazingira, sijui kuchora kwa mkono hata nyumba ya chumba kimoja, na hesabu zangu ni za wastani. Naomba kuuliza mambo matatu. Je, nitapokelewa bila kuwa na shahada ya usanifu? Nisome hapa nyumbani au nje? Na nikimaliza, nitaitwa mpangamiji kisheria au nitakuwa na cheti tu?

Mpangamiji wa Wilayani (mleta uzi)

Marahaba, mdogo wangu. Kwa lile la kwanza usiwe na wasiwasi. Programu nyingi za uzamili za mipangomiji hupokea watu wa jiografia, uchumi, sosholojia, uhandisi na sheria, kwa sababu fani yenyewe ni makutano. Kuchora kwa mkono ni jambo zuri lakini halikuzuii. Kinachokuzuia siku hizi ni kutojua ramani za kompyuta. Pakua QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure, ujifunze kuweka tabaka za data juu ya picha ya anga mpaka uweze kuonyesha nyumba zipi ziko ndani ya bonde la mafuriko. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora ramani za maeneo yanayofurika, na waliopitia pale walitoka na ujuzi ambao darasani ungechukua muda mrefu kuupata.

Kwa lile la tatu, usajili si jambo la kudhania. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kabla hujalipa ada popote, iandikie Bodi uulize kama shahada ya uzamili ya programu unayoitaka, ikikaa juu ya shahada ya kwanza ya jiografia, inakidhi masharti yao. Pata jibu kwa maandishi. Maneno ya mtaani, yakiwemo yangu, hayatakusaidia mbele ya meza ya msajili.

La pili nimwachie mwenzetu aliye masomoni, maana ameahidi kuandika.

Mwanafunzi wa Dortmund

Salaam kutoka kwenye baridi. Nitajibu kwa ninayoyajua.

Nyumbani, chuo cha kwanza kukitazama ni Chuo Kikuu Ardhi. Kilianza miaka ya 1950 kama shule ya kufundisha wapimaji ardhi, kikawa chuo cha ardhi, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Ubora wake ambao hautaupata Ulaya ni kwamba walimu wake wameyaandikia makazi yasiyo rasmi ya Dar es Salaam kwa miongo kadhaa, wakiyajua kwa majina ya mitaa: Hanna Nassif ambako wakazi walishiriki kujenga mifereji na barabara katika miaka ya 1990, Manzese, Keko. Ukitaka kuuelewa mji ambao inakadiriwa takriban asilimia 70 ya wakazi wake wanaishi nje ya viwanja vilivyopimwa, walimu wako wako Dar es Salaam.

Nje, programu ninayosoma inaitwa SPRING. Ilianza mwaka 1984 katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dortmund kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Ni ya miaka miwili: wa kwanza Ujerumani na wa pili katika chuo mshirika, na miongoni mwa washirika wake wamo Ardhi na chuo cha Kumasi cha Ghana. Wengi tunategemea ufadhili wa kozi za maendeleo wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Ufadhili huo unataka uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili baada ya shahada ya kwanza, na kwa kawaida shahada yenyewe isizidi miaka sita, na maombi yake hupelekwa kwa programu yenyewe. Rotterdam, Uholanzi, kuna IHS, taasisi ya masomo ya makazi na maendeleo ya miji, ambayo uzamili wake wa usimamizi wa miji ni wa mwaka mmoja na una mkazo wa fedha, ardhi na utawala. London kuna kitengo cha mipango ya maendeleo cha chuo kikuu cha UCL, ambacho kinaweza kufikiwa kwa ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza. Huo nao unataka uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani kwa muda usiopungua miaka miwili.

Sasa barua ya maombi. Rasimu yangu ya kwanza ilianza na sentensi kwamba tangu utoto nimependa majengo marefu. Dada mmoja aliyenitangulia aliisoma akaniambia sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mtu yeyote kutoka nchi yoyote. Akaniuliza ni kitu gani katika mji wangu kinaniudhi kiasi cha kunifanya nisimame barabarani nikitazame. Nikamjibu Jangwani.

Nyote mnaijua hadithi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, karakana na maegesho yake makuu yalikuwa Jangwani, katika uwanda wa mto Msimbazi. Mvua kubwa zinaponyesha mto unadai bonde lake, na tumeona karakana ikizingirwa na maji, tope likiingia na barabara ya Morogoro ikifungwa. Katika barua niliuliza jambo moja tu: katika mji wenye wataalamu, sheria na ramani za mafuriko, uamuzi wa kuweka karakana pale ulipitia meza zipi, na kila meza ilikuwa na taarifa gani? Sikulaumu mtu. Nilieleza ninavyotaka kulichunguza na kwa nini jibu lake lina maana kwa miji mingine ya mabondeni. Barua ikawa na uti wa mgongo.

Msanifu wa Upanga

Nimekubali hoja ya barua. Lakini niulize jambo ambalo naona mmelikwepa, nalo ni Dodoma. Pale tulikuwa na kila kitu: uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamisha makao makuu, mamlaka maalumu ya ustawishaji makao makuu iliyomiliki ardhi, na mpango wa 1976 uliotayarishwa na kampuni ya Kanada, Project Planning Associates, ileile iliyoandaa mpango wa Dar es Salaam wa 1968. Mpango uliwaza mji wa kiasi, wa waenda kwa miguu na mabasi, unaofuata vilima na usiojaribu kuvishinda. Leo nikienda Mtumba, mji wa serikali ulioko Dodoma, naona barabara pana, majengo ya wizara yenye vioo, na mtumishi asiye na gari akisubiri daladala juani. Je, wapangamiji mnaliitaje hilo?

Mpangamiji wa Wilayani (mleta uzi)

Naliita mada ya tasnifu, tena nzuri kuliko nyingi ninazoziona.

Msinielewe vibaya. Serikali kuhamia kwa kweli, baada ya miaka zaidi ya 40 ya kusuasua, ni jambo kubwa, na mamlaka ile ya zamani, iliyovunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kuhamishiwa halmashauri, ilikuwa imezaa migogoro ya viwanja ambayo wananchi wa Dodoma hawajaisahau. Lakini hoja yako inabaki. Mpango wa 1976 ulikuwa na falsafa ya wazi juu ya nani anatembea na nani anapanda gari, na kila mpango uliofuata unapaswa kuulizwa uliichukua sehemu gani ya falsafa hiyo, uliiacha ipi, na kwa sababu gani. Mwanafunzi anaweza kuchukua mpango wa 1976 na ule wa 2019 hadi 2039, akaviweka mezani pamoja na picha za setilaiti, akapima umbali kutoka lango la wizara hadi kituo cha basi, hadi mama ntilie wa karibu, hadi shule. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, inahitaji miguu na subira. Mimi binafsi nahisi atakuta kwamba mama ntilie walifika Mtumba kabla ya mpango kuwatengea mahali, kama ilivyotokea Taguatinga.

Muhitimu wa Jiografia, hukutuambia picha yako ilikuwa ya nini.

Muhitimu wa Jiografia

Ilikuwa ya Daraja la Kigongo–Busisi, mkuu. Mimi ni mtu wa Sengerema na lile daraja, lenye takriban kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, kwangu ndilo jambo la kisasa la kuvutia kuliko yote niliyowahi kuyaona kwa macho yangu. Zamani tulisubiri kivuko hata saa mbili au tatu. Tangu lilipofunguliwa Juni 2025, gari linapita kwa dakika chache. Baada ya kusoma uzi huu nimejaribu kile kipimo chako cha kulipa mgongo, na nikajikuta nawaza juu ya watu wa kwenye magati. Pande zote mbili palikuwa na wauza samaki wa kukaanga, mahindi, chai, maduka ya vocha, vibarua wa mizigo, bodaboda na nyumba za wageni, wote wakiishi kwa sababu magari yalilazimika kusimama. Sasa hayasimami. Je, hilo linaweza kuwa swali la kuombea chuo, au ni dogo mno?

Mpangamiji wa Wilayani (mleta uzi)

Si dogo. Ila kama lilivyo sasa bado ni masikitiko. Lifanye liwe la kupangia. Nenda ofisi za serikali za vijiji au mitaa za Kigongo na Busisi, uulize kama kuna mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa kwa maeneo hayo, na kama upo, uliandaliwa kabla au baada ya ujenzi wa daraja kuanza. Uliza maeneo ya biashara yalitengwa wapi, na kama wafanyabiashara wa gatini walihesabiwa walipokuwa wanaandaa fidia, au walihesabiwa wenye nyumba na mashamba peke yao. Kisha tazama kando ya barabara za maingilio ya daraja uone vibanda vipya vinaota upande gani na viko ndani au nje ya hifadhi ya barabara, maana vikiwa ndani, alama nyekundu ya X haiko mbali. Chora ramani ya vibanda hivyo kwa QGIS, weka tarehe, na urudie baada ya miezi sita.

Ukiwa na ramani hizo mbili na majibu ya watendaji, niandikie faraghani na rasimu ya barua yako. Dirisha la Chevening huwa linafunguliwa Agosti, na programu za Ujerumani kila moja ina tarehe yake, kwa hiyo anza na magati wiki hii.